Mlango wa Maji

Nakumbuka juma zima nililokosa usingizi kwa sababu ya tundu lenye ukubwa wa tofali moja. Lilikuwa chini ya ukuta wa ua wetu, upande wa barabara, hapa hapa mtaani Buyenzi, na swali lenyewe lilikuwa dogo kama tundu: niliache wazi au nilizibe?

Mwanangu, umeniletea orodha yako ya kuitayarisha nyumba ya Mutanga Nord kabla ya mvua kubwa. Kurasa nne, na mwisho wake umeandika kwamba bado unafikiria. Niliposoma hapo nilicheka kidogo, maana tabia hiyo najua umeirithi kwa nani. Kabla sijasema lolote kuhusu mabati yako, acha nikueleze habari ya tundu langu.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada na sina kazi. Ofisi za katikati ya mji, kule Rohero, zilipokea barua zangu na hazikujibu. Shahada kwetu tunaiita lisansi, basi mtaani wakaniita Lisansi, na si kwa heshima sana. Baba alikuwa amefariki kwa maradhi kabla ya vita. Kaka zangu walikuwa wamekimbia, wakapitia mpakani Gatumba na kuingia Kongo. Nikabaki na mama, ambaye mguu wake mmoja haukuwa na nguvu, na kila jambo la nyumba aliniambia, "Amua wewe." Hakuna maneno yaliyonitisha kuliko hayo.

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na mfuko wa kukimbilia, umewekwa nyuma ya mlango. Wa kwetu niliupanga na kuupangua kila siku. Nilitia sufuria ya mama ndani yake, naye akaitoa kwa sababu alitaka kupika, nikairudisha, akaitoa tena. Cheti changu cha shahada nilikifunga kwa plastiki mara tatu. Mvua sikuifikiria. Niliona kama ni jambo la watu wenye amani.

Nyumba za safu yetu zilikuwa tano, zimepangana kwenye mteremko, ua kwa ua. Maji ya mvua ya ua wa juu yalipita chini ya ukuta na kuingia ua unaofuata, hivyo hivyo mpaka kwetu, tuliokuwa wa mwisho. Kwetu yalitokea kwenye lile tundu, yakaingia kanivo, yaani mfereji wa kando ya barabara, na kuteremka hadi mto Ntahangwa. Hakuna aliyewahi kuandika makubaliano hayo. Ukikaa katika safu ile, unayapokea maji ya mwenzako na unayapitisha. Wazee waliliita tundu hilo mlango wa maji.

Sasa, kabla ya mvua kuanza, nilisikia kwamba katika mtaa mwingine mtu alisukuma guruneti kwenye tundu kama letu. Aliyenieleza alikuwa ameelezwa na mwingine. Nilifikiria siku saba, na siku ya nane nikachukua tofali na saruji iliyobaki tangu enzi za baba, nikaliziba. Nililala vizuri siku mbili tatu.

Mvua ya kwanza ilikuwa ndogo, ya asubuhi. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu uani, yakatulia hapo. Baadaye alikuja Mama Feza, jirani yetu wa ukuta mmoja, nyumba ya pili kutoka chini. Aliishi na mama yake mzee, ambaye tangu mwaka uliopita alikuwa hatoki kitandani. Aliulizia mguu wa mama, akasema kwa upole kwamba maji ya leo yamechelewa kuondoka, akazungumza habari ya bei ya mkaa, akaenda zake. Nilijua alichokuja kusema. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, yaliyokaushwa kwa jua tu. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka chini, na ukishiba, huketi, ndiyo kuanguka kwake.

Siku hiyo hiyo, baada ya sala ya alasiri, alikuja Mzee Shabani. Alikuwa makanika, mwenye gereji, na nyumba yake ilikuwa ya juu kabisa katika safu yetu. Kila mwaka kabla ya mvua alizipitia nyumba zote tano. Ni yeye aliyeziba tundu la risasi kwenye bati letu, kwa lami na kipande cha kandambili, na lile tundu halikuvuja tena. Alikuja na nyundo na patasi, akaigonga saruji yangu kwa kidole.

"Lisansi," akasema, "mulango ya maji ilienda wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya guruneti, na ya watu wanaochungulia, na hoja za pande zote mbili kwa mpangilio. Alisikiliza mpaka mwisho, na hiyo haikuwa kazi ndogo.

"Huyu mutu ya guruneti," akauliza, "atakuya siku gani?"

Nikasema sijui.

"Na mvua?"

Nikaanza upya habari ya guruneti.

"Mvua mi naijua. Inakuyaka kila mwaka, na vita haijaizuia. Mulango ya watu unaweza funga, hata mi nitakuletea kufuli. Lakini hii ya maji haiko yako, Lisansi. Ni ya Mama Feza. Ni ya mi kule juu."

Nikaomba siku mbili nifikirie.

"We fikiria tu," akasema. "Mawingu nayo yanafikiria."

Akaondoka. Hakuligusa lile tofali, kwa kuwa ukuta ulikuwa wetu. Nyundo na patasi vilibaki juu ya jiwe kando ya mlango, nami nikadhani amesahau.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, upepo ulishuka kutoka milimani na mabati ya safu nzima yakaanza kulia. Kisha ikaja mvua ambayo ukimwambia mtu jambo, husikii unachosema mwenyewe. Maji yaliingia kwetu kutoka kwa Mama Feza kwa nguvu, halafu yakapungua mwendo, halafu yakasimama. Hayakuwa yameisha. Ua wetu ulikuwa umejaa, na sasa yalikuwa yanajaa kwake.

Nilisimama barazani na mwavuli. Naona haya kukuambia, lakini nilikuwa nafikiria. Nilifikiri huenda itapungua. Nilifikiri nikivunja sasa, walio barabarani wataona. Mama alikuwa kitandani, mguu ameuweka juu ya mfuko wa kukimbilia, akaniuliza kwa sauti kubwa ninafikiria nini. Nikasema tundu.

"Bado?" akasema.

Hapo nikasikia kitu upande wa pili. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama wa gunia linalotuliwa chini. Jiko la Mama Feza lilikuwa limeketi. Hakukuwa na mtu ndani, lakini ukuta wake ndio huo huo wa chumba alimolala mama yake. Kisha nikaiona mikono ya Mama Feza juu ya ukuta wetu, na uso wake.

"Lisansi," akasema, "mama hawezi kutembea. Fungua."

Niliacha mwavuli, nikachukua nyundo na patasi. Maji yalinifika magotini. Nililipapasa tofali kwa mkono chini ya maji na kupiga bila kuona ninachopiga, nikajigonga vidole zaidi ya mara moja. Saruji ilikuwa imeshika vizuri, kwa bahati mbaya. Ni kitu pekee nilichojenga kwa mikono yangu ambacho kilijengwa sawa. Mwishowe tofali lilicheza, maji yakalinyakua na kulipeleka barabarani. Barabarani hapakuwa na mtu yeyote.

Maji ya nyumba tano yalipita hapo. Ukuta wa chumba cha yule bibi ulipata ufa uliofika dirishani, lakini haukuanguka.

Mvua ilipokatika, Mzee Shabani alikuja na vipande vitatu vya nondo, akavichomeka wima katika tundu, kwa namna ambayo maji hupita na mkono haupiti. Ilimchukua muda wa kunywa chai. Katika siku saba za kufikiria sikuwa nimefikiria nondo, wala kumuuliza mtu ambaye gereji yake nilipita kila siku. Nikampa nyundo na patasi zake, nikamwambia alizisahau.

"Mi?" akasema, akaishika nyundo na kuigonga nondo ya mwisho.

Mama Feza alipika jikoni kwetu mvua zote za mwaka ule. Hakunitajia jambo lile hata mara moja. Kila alipoinama kuwasha moto nililikumbuka mwenyewe.

Basi, mwanangu, orodha yako ni nzuri. Misumari ya mabati ikague kweli, kanivo izibue kabla haijanyesha, karatasi zako ziweke juu ya kabati na mkaa uweke pakavu. Lakini kurasa zote nne zinahusu nyumba yako tu. Leo, kabla hujafikiria tena, toka nje ukatazame maji yanatoka kwa nani na yanakwenda kwa nani, ukawabishie hodi wote wawili. Ukiwa na hofu ya jambo lisilojulikana siku yake, mweleze mwenye mikono ya kazi kabla ya kununua saruji. Na ukishajua la kufanya, lifanye kukiwa bado kukavu. Mimi nililifanya nikiwa majini, na jiko la watu lilikuwa limekwisha kuanguka.

Mungu akulindie mlango wako wa watu, na ule wa maji usizibe kamwe. Akujalie mvua ikipita, jirani yako wa juu aamke, atazame uani kwake, na asiwe na sababu ya kuja kukuulizia mguu wa mama yako huku moyoni ana habari ya maji.