Ng'ombe wa Yohana Asiye na Kichwa

Ipo siku moja ya utoto wangu kule Mvumi ambayo hata sasa, na mvi zangu hizi, nikiikumbuka roho inaniuma. Tulikuwa tukifinyanga ng'ombe, mimi na mdogo wangu Yohana, kwa udongo wa kichuguu, na pembe tukichomeka miiba ya mgunga. Bibi yetu alikaa karibu akimenya karanga.

Mwanangu, wangu alikuwa ng'ombe kweli. Nundu mahali pake, kwato, hata mkia. Wa Yohana lilikuwa bonge tu la udongo. Lakini Bibi akamwuliza, "Huyu kichwa chake kiko wapi?"

"Amekiingiza kisimani anakunywa maji," Yohana akajibu bila kusita. "Na huko chini chura amemshika ulimi, hataki kumwachia."

Bibi alicheka mpaka ungo wa karanga ukamponyoka. Majirani wakaja kusikiliza. Wangu hakuna aliyemtazama.

Niliona wivu. Nilitaka Bibi acheke vile kwa ajili yangu, hata mara moja tu. Nikasema, "Bibi, lile si ng'ombe. Ng'ombe ni huyu wangu."

Akamchukua, akamgeuzageuza. "Kweli mjukuu wangu, ni mzuri. Sasa anakwenda wapi?"

Mimi nilikuwa nimefikiria nundu na kwato tu. Hasira zikanipanda. "Anakwenda kumkanyaga wa Yohana!"

Hakunigombeza. Aliuweka ungo kando, akanisogelea. "Kwani huyo wa Yohana kamfanya nini wako?"

Nikaanza kusimulia huku nalia: kwamba wangu ndiye aliyekiona kisima kwanza, kwamba ana kiu, kwamba hakuna anayempisha. Nilisimulia weee, na Bibi hakugusa karanga tena.

Ndiyo maana jana, nilipoona kwenye chekechea yako pale Ihumwa watoto wote wamepaka rangi nyumba ile ile uliyowachorea, sikukusifia. Wape udongo, mwanangu. Usiwasahihishe pembe wala kichwa. Muulize mtoto ng'ombe wake anakwenda wapi, kisha weka kazi yako chini usikilize. Na yule anayenuna pembeni wenzake wakisifiwa, usimpite. Muulize na yeye, maana huyo kisa anacho tayari, kimemjaa kifuani.

Mungu akupe masikio na subira, akubariki wewe na watoto wote unaowalea. Ila mjomba wako Yohana akija Jumapili, haya usimwambie. Mimi mpaka leo nasema lile halikuwa ng'ombe.