Fahali wa Nundu ya Kushoto

Sisi tuliiita siku ya ng'ombe. Serikali ilikuwa na jina lake refu, na Bwana Mifugo alilitangaza kila mwaka kwa bomba la bati, lakini hakuna aliyelishika. Masika yakishaisha na majani yangali mabichi, wafugaji wa Korogwe na Handeni waliitwa walete ng'ombe wao bora kwenye josho, uwandani chini ya Mazinde, ili watu wawaone na wajifunze kufuga ng'ombe wa nyama. Mashamba ya mkonge yalikuwa na vinywa vingi vya kulisha, na Wazungu walitaka mafahali wenye mapaja.

Mimi nilifika pale kwa sababu nilikuwa nakata mkonge jirani, na siku hiyo ilikuwa Jumapili. Shule nilikuwa nimeiacha mwaka uliotangulia. Jinsi nilivyoiacha lazima niieleze kwanza, maana mengine yote yanatoka hapo.

Nilisoma kijijini kwetu, Handeni, mpaka darasa la nne. Nikafaulu kwenda shule ya kati, ambayo ilikuwa ya bweni na ilitaka karo. Baba aliposema hana, mwalimu wangu alikuja nyumbani mwenyewe.

"Mzee, mtoto huyu hasemi kitu darasani," alisema, "lakini mpe kalamu. Usimwache apotee."

Baba alimshika mkono, akamwongoza mpaka mlangoni mwa zizi. Ndani mlikuwa na mbuzi na kuni za mama.

"Ingia, mwalimu, utafute. Ukiona hata kwato moja ya ng'ombe, mchukue mtoto leo hii."

Mwalimu hakuingia. Upande wetu kila mtu alijua mbung'o wamemaliza ng'ombe. Alinitazama, nami nikatazama chini. Baba nilimwonea huruma, kwa jinsi alivyosimama mlangoni mwa zizi lake lisilo na ng'ombe mbele ya mgeni. Siku chache baadaye nilimwambia asihuzunike, nitakwenda kwenye mkonge. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu." Baraka hiyo niliibeba kila asubuhi nilipokuwa nakata majani na miiba inanichoma.

Baba alikuwa na rafiki yake wa ujanani, Mkwavi mmoja aliyefuga huko uwandani. Kila mwaka mzee huyo alituletea kibuyu cha samli, chenye shanga za buluu na nyeupe shingoni. "Rafiki wa kweli hasahau," baba alikuwa akisema, na mama alinimiminia kijiko juu ya ugali.

Basi siku ya ng'ombe ya kwanza nilimkuta Mkwavi huyo pale joshoni, na fahali mwekundu. Sijawahi kuona mnyama kama yule. Alikuwa na doa jeupe pajani, na alitembea polepole kama mtu anayejua kwamba anasubiriwa. Mzungu wa mifugo alimpiga vikofi mgongoni, akamfinya mapaja, akarudi kumpiga vikofi tena. Wakwavi waliokuwa wamesimama nyuma yangu walicheka.

"Huyu anachagua ng'ombe kama anayenunua godoro."

"Mwache. Yeye hamkami ng'ombe, analala juu yake."

Fahali yule alishinda, akafungwa utepe kwenye pembe. Yule mzee aliponiona, niliinamisha kichwa akakigusa, ndiyo desturi yao kwa vijana.

"Yero," alisema, ndivyo wanavyomwita kijana, "baba yako hajambo? Umemwona fahali?"

"Nimemwona, mzee."

"Mtazame vizuri," alisema, akacheka.

Niliporudi nyumbani kwa mapumziko nilimsimulia baba. Yeye hakuwa akienda. Alisema siku ya ng'ombe ni ya wenye ng'ombe. Mimi ambaye nilikuwa nikiulizwa neno naitikia kwa kichwa, jioni ile nilisema mpaka ugali ukapoa. Baba alisikiliza amejiinamia, anachora chini kwa kijiti.

"Nundu yake imelalia kushoto?" aliuliza.

"Ndiyo! Umejuaje, baba?"

"Mafahali wekundu huwa hivyo."

Nilimwona ni mtu wa maarifa. Mwaka wa pili nilipokwenda, niliangalia nundu za mafahali wekundu wote waliokuwa pale. Nyingine zimelalia kulia, nyingine zimesimama wima. Hata hapo nilimtetea moyoni, nikasema labda ni ng'ombe wa siku hizi walioharibika.

Mwaka huo wa pili kulitokea ugomvi. Mtu mmoja alileta maksai wa shemeji yake, akapewa zawadi, akaikatalia. Shemeji alimfuata mpaka kwenye meza ya Mzungu, wakakunjana mashati. Kwa hiyo mwaka wa tatu amri ilibadilika: zawadi anapewa mwenye ng'ombe, na aliyeleta sharti aseme mbele ya watu wote ng'ombe ni wa nani.

Aliyetunga amri hiyo hakujua anagusa nini. Huku kwetu, mwenye ng'ombe wengi hawaweki mlangoni pake. Huwakabidhi kwa rafiki, mahali pasipo na mbung'o na pasipo na macho. Rafiki hunywa maziwa na kupata ndama wake baada ya muda, na jina la mwenyewe halitajwi. Haya nayajua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba watu wengine hufanya hivyo, wenye mali.

Fahali mwekundu alishinda tena. Bwana Mifugo aliinua bomba lake.

"Wa nani huyu?"

Yule mzee wa Kikwavi aliegemea fimbo yake. Miaka miwili hakuwa ameulizwa; walifunga utepe yakaisha. Sasa rika lake lote lilikuwa limesimama linamtazama, na kwao mtu akisema "wangu" juu ya ng'ombe aliyekabidhiwa, zizi lake mwenyewe hukauka.

"Nauliza mwenye ng'ombe, si mchungaji! Mzee, leo umekuwa bubu?"

Watu wakacheka. Mzee akanyoosha mgongo.

"Si wangu. Ni wa rafiki yangu wa Handeni. Huyu, na mama yake, na ndugu zake wote walio zizini kwangu. Mwenyewe hakuja, lakini mwanawe yule pale, mwenye kofia ya ukindu."

Niligeuka nyuma kutafuta mwenye kofia ya ukindu.

"Ala!" mwenzangu wa kambini, Mnyamwezi mmoja mwenye maneno mengi, alinipiga begani. "Tajiri! Na jana umeniomba chumvi!"

"Zizi zima la ng'ombe, naye anachomwa miiba na sisi," mwingine alidakia. "Mnyapara amekutuma utupeleleze?"

"Mwacheni, anakata mkonge kwa mazoezi."

Nilikwenda mbele kwa sababu sikujua namna ya kukataa mbele ya watu wengi vile. Nilipewa kamba nikamzungusha fahali uwanjani, pumzi yake inanipiga shingoni. Halafu nikapewa zawadi, ndoo mpya ya bati iliyofungwa utepe.

Nilimwuliza mzee kwa sauti ya chini, "Tangu lini?"

"Tangu hujazaliwa," alisema akicheka. "Kwani wewe..." Akanitazama usoni, akaacha kucheka. "Aa, yero. Nilidhani wanafichwa watu wa nje. Sikujua na wewe uko nje."

Nilikwenda nyumbani na ile ndoo. Baba alikuwa kivulini mwa ukuta anashona kiatu. Mama alikuwa mlangoni anachagua maharage. Niliiweka ndoo mbele ya baba, na utepe wake. Aliutazama kwa muda.

"Amesema?"

"Amesema."

"Mbele za watu?"

Hilo ndilo lililomuuma.

"Basi wamekwisha," alisema. "Ng'ombe akitajwa hadharani, kabla jua halijatua kila shemeji ana mgonjwa, kila binamu ana deni."

"Mimi si shemeji, baba."

Sikuwahi kumjibu hivyo. Alichoma sindano kwenye ngozi, akaiacha hapo.

"Ni wako wale. Wa mahari yako. Shule ingewala wote, halafu ungeoa kwa kuonyesha nini, daftari?"

Nilimgeukia mama. "Na wewe ulijua?"

Mama hakuinua kichwa. "Samli ulidhani inatoka wapi?" alisema taratibu, akaendelea kutupa maharage mabovu.

Nililia, na sikuona haya. Nadhani baba alishtuka, kwa maana alisema maneno ambayo sikuyatarajia: yaliyopita yamepita, baada ya mavuno niende kwa rafiki yake nichukue dume mmoja nimwuze, na yeye, baba, atakwenda kwa mwalimu kuniombea nafasi, kwa miguu yake mwenyewe. Nikamwamini. Ndilo linaloniuma zaidi mpaka leo, kwamba nilimwamini mara ya pili.

Baada ya mavuno nilikwenda uwandani na kamba mpya begani. Zizi la mzee wa Kikwavi lilikuwa nusu tupu. Alitoka nje, akaiona kamba, akaniletea kigoda.

"Baba yako alikuja mwenyewe. Amewahamisha wote."

"Wapi?"

"Hakuniambia, wala sikuuliza. Ndivyo inavyofanywa." Aliigusa kamba yangu kwa fimbo. "Nilisema kweli mara moja tu, yero. Nimepoteza rafiki."

Siku ya ng'ombe iliyofuata nilipita tu, nikiwa na fungu la kamba za kufungia mkonge kichwani. Watu walileta ndama na maksai waliokonda, wa kwao wenyewe. Walio bora walibaki kwenye mazizi ya watu, kwa sababu mwaka uliotangulia, wenye ng'ombe walipotajwa, si kwetu tu kulikowaka moto. Mzungu alitembea kati ya ng'ombe wachache, anawapiga vikofi, anatafuta mapaja. Nasikia baadaye siku hiyo haikuitishwa tena.

Shule ya kati haichukui mtu wa umri wangu. Naandika kwa mwandiko wa darasa la nne, na ukurasa mmoja hunichukua siku.

Mwaka huu masika yalipokwisha nilikuwa nyumbani. Alikuja kijana nisiyemjua, akaacha kibuyu cha samli, akaenda zake bila kunywa maji. Kibuyu ni kifupi, kina ukanda wa ngozi, na shanga zake ni nyekundu. Mama alichota kijiko akanielekezea.

"Nimeshiba," nilisema, na ugali wangu sikuwa nimeugusa.

"Mwache," baba alimwambia mama, akakivuta kibuyu upande wake. "Hajui kitamu."