Bata Aliyepoteza Kiatu

Kutwa nzima mama yule alikaa kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali akiuliza maswali yale yale: jina nani, umri gani, umewahi kutibiwa hapa? Jioni akirudi nyumbani, hata viatu hajavua, binti yake wa miaka minne anamwekea kitabu mapajani. Bata kapoteza kiatu. Anawauliza wanyama kumi na wanne, mmoja mmoja, "Umekiona kiatu changu?" Na wote wanajibu, "Sijakiona, uliza mbele." Mama akazoea kufunua kurasa mbili mbili.

"Mama, umemruka punda," mtoto husema, naye hurudi nyuma akisonya kimoyomoyo.

Basi wifi yake alipokuja kukaa nao mwezi mmoja, akihudhuria mafunzo ya ushonaji asubuhi na kumchukua mtoto chekechea mchana, mama alimkabidhi kitabu kwa mikono miwili. Wiki ya kwanza alipumua. Wiki ya pili alisimama jikoni, kisu kimeganda juu ya kitunguu, akisikiliza. Punda wa wifi alikuwa na mafua. Mbuzi wake aliongea huku anatafuna. Mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

"Leo nikusomee mimi?" mama aliuliza kesho yake.

"Hapana. Wewe unasoma kama unaongea na wagonjwa."

Yalimchoma. Asubuhi akakitia kitabu kwenye mkoba, akaenda nacho kazini.

Saa nane simu ikalia. "Wifi, kitabu cha bata hakionekani. Mtoto ametafuta mpaka nyuma ya friji, analia kweli kweli. Hujakiona?"

"Sijakiona," alijibu, akajisikia mwenyewe. Kidogo tu angeongeza, uliza mbele.

Jioni alimkuta mtoto kajikunyata kwenye kochi, macho yamevimba. Uongo ukamshinda. "Nilikichukua mimi, mwanangu. Nisamehe."

Mtoto akakinyakua, akakimbia nacho moja kwa moja kwa shangazi yake. Mama akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Baadaye wifi akamfuata. "Nilikiona asubuhi, kona imechomoza mkobani."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, wifi? Mimi ndiye niliyeanza kukuonea wivu. Wiki ijayo naondoka, wewe unabaki naye. Kwangu hakuna mtoto; nikifunga mlango nimefunga."

Mama akamfutia kiti, akakisogeza karibu.

"Huyo punda," aliuliza hatimaye, "unamfanyaje?"

"Ziba pua, halafu jifanye una haraka."

Akajaribu. Wifi akacheka mpaka akaegemea sinki.

Lakini wivu hauondoki kwa siku moja. Hadi leo, kila Jumapili mchana, mtoto hutaka bata asomwe na shangazi yake kwenye simu ya video, mnyama kwa mnyama, wote kumi na wanne. Anayefunua kurasa na kushika simu, mkono umekufa ganzi, ni mama.