Ngome Isiyo na Ng'ombe

Nafundisha historia, na jioni moja nyumbani Samuye nilimwonyesha mama picha ya ngome ambayo Wahispania waliijenga Amerika: kuta nene, lango moja, uwanja mpana katikati. Mama akaniambia huo uwanja ndio zizi, kama letu lililozungukwa na minyaa. Nikamkatalia kwa ukali wangu wa darasani. Humo walilinda dhahabu, nikasema, ikisubiri meli za kuipeleka kwao.

Mama akawatazama ng'ombe wetu wakiingia zizini. Kaka yangu huchimba Geita, na kila akiuza dhahabu pale Katoro hurudi na ndama.

"Dhahabu yote hiyo, mwalimu," akasema mama, "na hakuna aliyewauzia hata ng'ombe mmoja? Masikini."