Kaka Yangu Baada ya Karanga

Kaka yangu aliendesha trekta Nachingwea, wakati Wazungu walipokuwa wakilima karanga. Mradi ulipofungwa alirudi kwetu Nkowe na sanduku la bati, na usingizi ukampotea. Alikaa uani mpaka jua linapokuwa kali, akitazama mikono yake, akisema trekta bado linanguruma kichwani. Watu wakasema amerogwa. Mganga alikuja, akala kuku wetu, akaenda zake.

Mama aliogopa. Alikuwa amemwona jirani yetu akifungwa kwenye gogo kwa miezi, kisha akapelekwa hospitali ya wendawazimu Dodoma, asirudi. Basi tukatembea, mimi na mama, hadi barazani Ruangwa. Karani alikuwa mtu wa pwani asiyejua lugha yetu, kwa hiyo mama alisema kwa Kimwera na mimi nikafasiri. Aliomba baraza limlipe dresa, yule mfunga vidonda na mgawa dawa wa misheni ya Mnero, apite vijijini kwa baiskeli, azungumze na wanaume waliotoka kwenye karanga kabla hawajaharibikiwa. Hawakuwa wachache.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza habari za kaka, "Amempiga mtu?"

"Hapana."

"Amechoma nyumba?"

"Hapana."

"Basi, mama, fedha iliyopo ni ya gari la kuwapeleka Dodoma. Ya kuwazuia wasifike huko haikutengwa. Akizidiwa, mje."

 Njiani mama akasema, "Kumbe wanataka azidiwe kwanza."

Tukabaki na shamba. Kila asubuhi mama alimpa kaka jembe, akalima kando yake, akamzungumzisha hata asipojibiwa. Mama alipoumwa mgongo nilikwenda mimi. Nilipojifungua, akaenda mke wa mjomba. Siku nyingine kaka alilima vizuri na kuulizia habari za watu. Siku nyingine alitupa jembe akaingia porini, tukamwita mpaka sauti zikakauka. Mama alirudi barazani kila baada ya mavuno. Karani alibadilishwa, jibu halikubadilika.

Kaka hakufungwa kwenye gogo wala hakupelekwa Dodoma. Kupona pia hakupona. Mama alitangulia kufa, nikabaki naye mimi. Watu huniambia tulifanya jambo kubwa. Labda. Mimi nakumbuka zaidi uchovu: asubuhi za masika, nimesimama mlangoni kwake na mtoto mgongoni, nikisikiliza kwanza ameamkaje ndipo nibishe hodi.