Kitenge cha Kwaya Juu ya Lengalenga

Kuna mama mmoja wa kwaya yetu ambaye mpaka leo akinisalimia anakunja pua kwanza, na ninyi mnaocheka hapo najua mmeshasikia nusu ya habari, basi acheni niwape nusu iliyobaki, maana aibu ni yangu na afadhali niisimulie mwenyewe.

Ilikuwa mwanzo wa Septemba 2011, hapa Kensington, huku kusini tulikohamia, baridi imeanza kuondoka lakini haijaaga. Mimi ni mshonaji. Mwaka mzima nilikuwa nikimbembeleza Mama Solange, kiongozi wa kwaya ya akina mama, anipe sare zetu nishone, yeye akizipeleka kwa fundi wa mtaa wa Hillbrow. Wiki ile hatimaye akaniletea kitenge cha yadi kumi na mbili, sketi nane. "Mama Gloire," akasema, "sasa tutaona kama unajua kazi."

Wiki ileile lengalenga zangu, mchicha wa kwetu, zikaota. Nilikuwa nimezipanda uani, nyuma ya chumba ninachopanga, kwenye kipande chenye ukubwa wa kitanda, chini ya ukuta unaopata jua, na mtu asiye na subira kama mimi hafai kupanda kitu: nashona mstari mmoja nasimama naenda kuchungulia, narudi, nakata uzi, naenda tena (siku ya nne nilifukua mbegu kwa kijiti nione kama ziko hai). Zilipotoa majani mawili mawili nikazimwagia maji ya mbolea ya kuku, mbichi kabisa, eti zikimbie.

Jioni jirani yangu, mzee mmoja Mzulu, akaniita juu ya ukuta, na kwao "sisi" ni dada. "Eish, sisi, leo baridi itaunguza hivyo vitu. Funika!"

Nikahangaika. Shuka iko kwenye beseni, mablanketi mawili tuliyonayo ndiyo tunayolalia na watoto, na macho yangu yakatua kwenye kitenge. Mara moja tu, nikajiambia, nikakikunja nikakilaza juu ya lengalenga.

Asubuhi nyasi za jirani zilikuwa nyeupe pee kwa barafu, lengalenga zangu hai, nikapiga vigelegele peke yangu uani. Kitenge nilikianika, nikakikung'uta, sikukifua kwa sababu Jumapili ilikuwa karibu na (kweli tupu) sikusikia harufu yoyote, pua yangu ilikuwa imeshaizoea ile mbolea. Nikakata, nikashona, nikapiga pasi.

Jumapili ukumbi umejaa, hita za gesi zimewashwa, sisi nane mbele, tumependeza! Ubeti wa kwanza salama. Ubeti wa pili sketi zikapata joto. Watu wa mbele wakaanza kuangalia nyayo za viatu vyao, mchungaji naye akaangalia vyake, mtu akafungua dirisha, na mimi nikazidisha sauti (eti harufu inaogopa kelele). Mama Solange, aliyesimama kando yangu, akainama, akashika pindo la sketi yangu, akachomoa kitu kilichobanwa na pasi kikakauka: mche mdogo wenye majani mawili.

"Mama Gloire, hii si lengalenga? Sketi ulishonea wapi, ku shamba?"

Wimbo ukakatika. Nikaungama palepale mbele ya kanisa zima, mimi nikilia, wao wakicheka, mchungaji amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Jumatatu wakaja wote na sketi zao, nikazifua uani huku wao wamezunguka bustani. "Iko naota muzuri," akasema Mama Solange. "Ikikomaa, utuite." Moyo wangu ukatulia, nikajua nimesamehewa.

Nikawaita. Walikuja, wakachuma kila mmoja fungu lake, wakanisifu, wakanikumbatia. Wiki iliyofuata kitambaa cha sare za Krismasi wakakipeleka Hillbrow.

Siku hizi ikifika Septemba nafunika lengalenga kwa blanketi langu mwenyewe na kulala na koti. Kabla ya kugusa kitambaa cha mtu nanawa mikono kwa sabuni mara mbili, ingawa cha kwaya hakijarudi mpaka leo.