Mistari hamsini ya Donatien Kabamba

Saa mbili na nusu asubuhi, karibu na posta ya Kolwezi, mzee wa miaka sabini na mmoja anaandika adhabu.

Ameinamia daftari, miwani puani, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la pili. Lori la madini likipita, meza yote inatikisika. Anangoja lipite, kisha anaendelea. Kwenye kigoda cha wateja amekaa Mama Odile Kabongo, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na sita, mkoba magotini, akihesabu.

"Makumi mbili na tatu," anasema. "Andika muzuri, Donatien. Niko naona."

Sentensi ni moja, mara hamsini: Mukono ya Mama Odile haina makosa.

Siku nyingine zote, mwenye amri kwenye meza hii ni Donatien Kabamba. Yeye ni fundi wa stilo, kalamu za wino zile za zamani, na kazi yake kubwa ni kubadilisha ncha. Huloweka stilo katika maji ya vuguvugu, huishika ncha kwa kipande cha mpira wa baiskeli, huivuta moja kwa moja bila kuizungusha, halafu huichungulia kwa lenzi ya fundi saa. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu stilo yake, kisha ya shemeji yake.

Zamani alikuwa karani wa mishahara katika kampuni ya mgodi. Enzi hizo, karani asiye na stilo ya wino mfukoni alikuwa kama mtu aliyekuja kazini bila suruali. Siku ya mshahara vidole vya ofisi nzima vilikuwa vya zambarau. Donatien anaapa kwamba hata nzi waliotua mezani walirudi kwao wametia sahihi.

Leo wamebaki wachungaji, notari mmoja wa kuthibitisha hati na wazee wenye kumbukumbu. Ncha moja ni faranga elfu tano, na kuna wiki ambayo haiji hata moja.

Jumatatu iliyopita Mama Odile alileta stilo yake ya kijani. Kitukuu amezaliwa, Abigaëlle, na jina lake lazima liingie katika Biblia ya ukoo, lakini wino ulikuwa umegoma. Haikuwa kazi kubwa. Wino wa kale ulikauka ndani, ukahitaji kuoshwa tu.

Ila lenzi ilionyesha jambo jingine. Ncha ilikuwa imelika pande mbili: upande wa zamani ulilika kwa mkono wa kushoto, na juu yake ukaja ulikaji mpya wa mkono wa kulia. Mama Odile hajawahi kuandika kwa kushoto. Na maishani mwake Donatien amemhudumia mtu mmoja tu wa kushoto: Mulumba, karani wa reli, aliyekuwa na stilo ya kijani kutoka katoni ileile. Stilo zote mbili zilipita mezani kwake siku moja, mwaka 1991.

"Ile siku njala ilinishika," anasimulia. "Nikaweka plume zote mbili, zile ncha, mu bakuli moja, nikaenda kula bukari. Kurudia, nikachagua tu, sawa mutu anachagua mayai ku soko."

Juma halikuisha, mwalimu akarudi kulalamika kwamba stilo inakwaruza. Fundi hakuchukua hata lenzi. Alimwambia kosa ni la mkono wake.

Naye akaamini. Akaigeuzageuza stilo vidoleni mpaka ncha ikakubali, na herufi zake zikaanguka nyuma. Mkono ukazoea, ukabeba mwendo huo hadi kwenye chaki, na watoto wakaunakili ubaoni. Ingia ofisi yoyote ya Kolwezi leo, utakuta herufi zilizoegemea nyuma kama watu walioshiba. Inasemekana karani mmoja wa Mutoshi aliandika barua iliyoegemea nyuma hivi kwamba mkubwa wake, akiisoma, alianguka na kiti.

Kufikia saa sita ya Jumatatu ileile stilo ilikuwa inatiririka. Donatien angeirudisha, akalipwa, na hakuna ambaye angejua. Alizunguka nayo mfukoni siku mbili. Jumatano akaenda kwa Mama Odile, akasema yote akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Mama aliipokea stilo.

"Miaka yote nilikuwa nafichaka mukono yangu," akasema. "Diplome za batoto, nilikuwa naambia wengine baandike. Haya ilikuwa inanikamata."

Ndipo ikatoka hukumu: kesho yake, mezani kwa fundi, mbele ya watu, mistari hamsini kwa stilo ileile.

"Makumi tano," anasema mama sasa, na kulivuta daftari.

Mistari ya kwanza imesimama wima, imekwaruza karatasi. Kuanzia wa kumi herufi zinaanza kulegea. Wa hamsini umelala chali kabisa, laini, wino haukukatika popote. Ungedhani ni mwandiko wa Mama Odile mwenyewe.

Anautazama, anamtazama fundi.

"Unaona?" anasema polepole. "Hata weye."

Anachana ukurasa, anaukunja, anautia ndani ya Biblia. Donatien anajitolea kwenda Lubudi, anakoishi Mulumba siku hizi, akamletee mama ncha yake ya kwanza, iliyoingia katika stilo ya Mulumba. Mama anakataa, ile imekwisha kumzoea Mulumba. Anafungua Biblia na kuandika Abigaëlle, herufi zote zimeegemea nyuma, bila kuuficha mkono.

Hata hivyo Donatien ataenda. Anangoja tu treni ipatikane, na ameshanunua daftari jingine, la kurasa mia. Maana Mulumba naye alirudi kulalamika juma lile.

"Miye nikamwambia kosa ni la mukono ya kushoto, ajifunze ya kuume," anasema, akiifuta lenzi kwa ncha ya shati. "Nataka nifike, nimupe karatasi. Nione tu anaandika na mukono gani."